Kupima kama watoto wa chini ya miezi sita wananyonya maziwa ya mama pekee: mwongozo kamili kwa tunaokusanya data Dodoma na mikoa ya jirani

Ikifika wiki ya unyonyeshaji, tarehe 1 mpaka 7 Agosti, asilimia zinatajwa kila mahali, kwenye mabanda, redioni, kwenye hotuba za wakubwa, halmashauri hii imefika ngapi na kata ile ngapi, halafu ukiuliza hiyo namba imetoka wapi watu wanaanza kuangaliana. Mara nyingi ukifuatilia unakuta nesi aliuliza kliniki, foleni imejaa mpaka nje, "mama, unamnyonyesha maziwa yako tu eeh?", mama akasema ndiyo, tiki ikawekwa. Hapo hakijapimwa kitu, watu wamesalimiana tu.

Nawaandikia wanafunzi wa lishe na uuguzi walioko kwenye utafiti, maafisa lishe, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na watu wa miradi wanaotaka takwimu za kuanzia. Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Ugumu wote upo kwenye kuuliza.

HATUA YA 1: Jua kwanza unapima nini

Kwa mujibu wa WHO na UNICEF, mtoto ananyonya maziwa ya mama pekee kama hapewi chakula wala kinywaji kingine chochote, hata maji. Vinavyoruhusiwa ni ORS (ile dawa ya kurudisha maji mwilini mtoto akiharisha) na dawa au vitamini za matone au za sirapu. Basi. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yakanyweshwa kwa kikombe yanahesabika kuwa ni ya mama, na hata akinyonyeshwa na mama mwingine bado ni maziwa ya mama.

Kipimo chenyewe kinasomeka hivi: katika watoto wote wa miezi 0 mpaka 5, ni asilimia ngapi jana, mchana na usiku, walipata maziwa ya mama tu. Hapo kuna mitego miwili watu wanaingia kila siku. Wa kwanza, "miezi 0 mpaka 5" maana yake ni mpaka siku moja kabla hajatimiza miezi sita, kwahiyo mwenye miezi mitano na wiki tatu yumo, ila aliyetimiza sita jana hayumo hata kama anaonekana mdogo. Wa pili, wale ambao hawanyonyi kabisa, labda mama amefariki au mtoto kaachwa kwa bibi, nao wanaingia kwenye idadi ya chini ya kugawanyia. Kuna watu wanawatoa eti "hawa hawahusiki", asilimia inapanda vizuri tu kwenye karatasi lakini imeshakuwa kipimo kingine.

Mwongozo wa kimataifa unaotumika sasa ni wa 2021, ambao ulichukua nafasi ya ule wa 2008. Kama dodoso lako umelirithi kwa mtu aliyemaliza chuo zamani, lilinganishe na huo mpya kabla hujaprinti, maana pamoja na mengine umeongeza kipimo cha siku mbili za kwanza baada ya kuzaliwa, yani kama mtoto alipewa kitu kingine kabla maziwa ya mama hayajashuka vizuri. Kwetu huku ambako maji ya glukosi au ya sukari ndio yanatangulia kwa baadhi ya familia, hilo swali lina faida.

HATUA YA 2: Jana, au tangu azaliwe?

Hapa ndio penye mgogoro, tukae kidogo.

Swali la jana limechaguliwa kwa sababu mama anaikumbuka jana. Ukimuuliza mtoto alianza maji lini, na mtoto ana miezi mitano, na mama ana wengine wanne na shamba juu, atakupa jibu la kukuridhisha uondoke. Lakini jana ni siku moja. Mtoto aliyepewa maji juzi na atakayepewa kesho, kama jana hakupewa, anaingia kwenye kundi la wanaonyonya pekee. Kwahiyo kipimo cha jana siku zote kinaelekea juu ukilinganisha na hali halisi tangu kuzaliwa. Na tofauti sio ndogo: Sweden waliwahi kufuatilia watoto kwa daftari la kila siku kisha wakalinganisha njia mbili, kipimo cha saa 24 kikaonyesha asilimia 92 wakiwa na miezi miwili, ila waliokuwa hawajaonja kitu kingine tangu kuzaliwa walikuwa asilimia 51.

Kosa lingine linalotokana na hapo ni kusoma takwimu vibaya. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulitoa asilimia 64 kwa Tanzania, 2015-16 ilikuwa 59, na 2010 ilikuwa 50. Mtu anachukua hiyo 64 anaandika "asilimia 64 ya watoto Tanzania wananyonyeshwa maziwa ya mama pekee kwa miezi sita". Hapana. Hiyo ni mchanganyiko wa kichanga wa wiki moja na mtoto wa miezi mitano na nusu, wote wameulizwa jana. Waliofika mwisho wa miezi sita bila kuonja kitu ni wachache zaidi ya hapo, kwa sababu unyonyeshaji wa pekee unashuka jinsi umri unavyopanda.

Ushauri wangu, uliza vyote viwili. Swali la jana liwe ndio kipimo chako kikuu ili uweze kujilinganisha na taifa, halafu weka swali la tangu azaliwe kama nyongeza na uliripoti pembeni. Na kama uko zahanati na wamama wanakuja kwako kila mwezi kupima uzito, una bahati ambayo mtafiti wa kupita hana: uliza jana, halafu uliza "tangu ulipokuja mara ya mwisho", wiki ya 6, ya 10, ya 14 wakija chanjo, na kuendelea mpaka mwezi wa tano. Ukiunganisha majibu ya mtoto mmoja unapata picha ambayo swali la siku moja haliwezi kukupa. Kasoro yake ni kwamba umewapata wanaohudhuria tu, wale wa vitongoji vya mbali hawamo.

HATUA YA 3: Vibali, idadi na wakati wa kwenda

Vibali sitavirefusha, mnavijua: kamati ya maadili ya chuo au NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kutegemea na utafiti, barua ya mkoa, ya halmashauri, kwa mganga mkuu wa wilaya, ukishuka kijijini mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke mwenyekiti wa kitongoji, barua ya mkoani haijawahi kufungua mlango wa nyumba.

Idadi ya watoto. Ukitumia asilimia 64 kama makisio na unataka usipotee zaidi ya asilimia 5 juu au chini, fomula ya kawaida ni 1.96 × 1.96 × 0.64 × 0.36 ÷ (0.05 × 0.05), unapata watoto 355. Kama unachagua vijiji kwanza halafu watoto ndani ya vijiji, zidisha kwa 1.5 hivi kwa sababu watoto wa kijiji kimoja wanafanana, inakuwa 532, na uongeze kidogo kwa watakaokosekana. Watu wanashtuka wakiona hiyo namba. Shida ni kwamba watoto wa umri huu ni wachache, kijiji cha watu 2,000 unaweza kupata thelathini na kitu tu, kwahiyo ni vijiji vingi na mafuta mengi ya pikipiki. Ukikubali kupotea kwa asilimia 10 unahitaji 89 kabla ya kuzidisha, inatosha kwa kazi ya kata, haitoshi kujigamba kwamba mradi umeongeza asilimia nne.

Orodha ya watoto usichukue ya zahanati peke yake. Chukua hiyo, chukua ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, halafu pita kitongoji kwa kitongoji ukiuliza nani kajifungua tangu mwezi fulani. Aliyejifungulia nyumbani au aliyehamia na mifugo hayumo kwenye rejista, na huenda ndiye anayelisha tofauti na wenzake.

Sasa wakati. Kanda ya kati mvua ni moja, inaanza Desemba hivi mpaka Aprili, na kipindi hicho wamama wako shamba, mtoto mdogo anaenda mgongoni au anabaki na dada yake wa miaka minane na kikombe cha uji. Ukipima mwanzo wa mradi Februari, ukaja kupima mwisho Agosti, unaweza kuona "mafanikio" makubwa ambayo ni kiangazi tu. Pima msimu uleule. Hata siku za wiki zina maneno, kwa mfano ukiwa upande wa Msalato na unahoji kila Jumapili, jana yao ni Jumamosi ya mnada, siku ambayo mama hakuwepo nyumbani. Tawanya mahojiano siku zote za wiki.

HATUA YA 4: Umri wa mtoto, kwa tarehe

Usiulize "ana miezi mingapi" ukaandika. Omba kadi ya kliniki, chukua tarehe ya kuzaliwa, andika na tarehe ya mahojiano, miezi utahesabu baadaye. Kama mko na Excel fomula ya DATEDIF inakupa miezi kamili. Mtoto wa tarehe 12 Machi akihojiwa tarehe 10 Septemba bado ana miezi mitano, yumo, akihojiwa tarehe 12 katoka. Kadi ikikosekana tumia kalenda ya matukio, kabla au baada ya Krismasi, mfungo wa Ramadhani, mavuno ya uwele, siku mvua ya kwanza iliponyesha. Wamama huwa wanazungusha umri, "ana sita" inaweza kuwa mitano na nusu, na hapo mpakani ndipo watoto wengi wanaanza uji, kosa la wiki mbili linakuharibia.

HATUA YA 5: Dodoso

Kanuni ni moja: usitaje maneno "maziwa ya mama pekee" popote mbele ya mama. Amefundishwa jibu lake tangu mimba. Badala yake unapitia kitu kimoja kimoja, ndiyo au hapana, na wewe ndiye utakayeamua mwishoni. Mfano:

"Sasa mama, nitakuuliza kuhusu jana, kuanzia mtoto alipoamka asubuhi, mchana kutwa, na usiku mzima mpaka leo alfajiri. Nataka kujua alipata nini, kwako au kwa mtu mwingine yeyote.

Jana alinyonya, au alipewa maziwa ya mama yaliyokamuliwa?
Alipewa maji, hata kijiko?
Maji ya sukari, ya chumvi au ya glukosi?
Maziwa ya kopo ya watoto?
Maziwa ya ng'ombe, ya mbuzi au ya unga? Mtindi?
Chai, juisi, soda, maji ya ubuyu?
Maji ya mchele au supu?
Dawa ya mchango, ya kienyeji, ya majani au mizizi?
Gripe water (ile ya gesi tumboni)? Dawa ya hospitali, vitamini, ORS?
Uji wowote, wa mtama, ulezi, uwele, mahindi, lishe?
Ugali, ndizi, viazi, kitu chochote cha kutafuna au kilichopondwa?
Kuna kitu kingine kiliingia mdomoni ambacho sijakitaja?"

Soma yote kwa kila mama, hata yule ambaye unaona kabisa kichanga chake kina siku nne. Ukianza kuruka kwa kubahatisha umeshaweka mawazo yako kwenye data. Na vile vya kuchimba zaidi kama "hata kijiko" viandikwe ndani ya swali, viulizwe kwa wote, sio kwa mama unayemshuku tu.

Tafsiri fanya mapema. Mjini Kiswahili kinatosha, ila ukiingia ndani Bahi, Chamwino au Mpwapwa kuna mabibi wanaokuelewa vizuri zaidi kwa Kigogo, Kondoa kwa Kirangi, na Chemba unakutana na Kisandawe. Mtu mmoja atafsiri, mwingine arudishe Kiswahili bila kuona la mwanzo, mlinganishe. Msiachie kila mdadisi atafsiri kichwani mwake barazani.

HATUA YA 6: Kuuliza kwenyewe

Vaa kawaida. Ukija na sare nyeupe au fulana ya mradi yenye picha ya mama ananyonyesha umeshampa majibu. Anayehoji asiwe nesi aliyemfundisha huyo mama mwezi uliopita, hata kama ndiye pekee mwenye pikipiki.

Salamu chukua muda, shikamoo kwa wakubwa, na ukiweza kutupia "mbukwenyi" kwa Wagogo uso unakunjuka. Kisha sema wazi hakuna jibu zuri wala baya, na hakuna jina litakaloenda zahanati. Useme na iwe kweli.

Swali ambalo wengi hawaulizi: "Jana kuna muda ulimwacha mtoto na mtu?" Kama ndiyo, huyo mtu naye aulizwe orodha ileile. Mama anayefanya kazi Mtumba kwenye mji wa Serikali, au ofisi za mjini, likizo ya uzazi ya siku 84 imeisha, sheria inampa mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha lakini nyumbani kwake ni Nkuhungu na kazini ni Mtumba, mchana mtoto yuko na dada, yeye kwa moyo safi atakwambia mtoto hapewi kitu. Dada anajua zaidi. Vijijini dada huyo ni bibi, na bibi ana misimamo yake kuhusu joto la Oktoba na koo la mtoto. Maziwa ya mama ni maji kwa asilimia 88 hivi, mtoto hahitaji mengine hata kwenye jua la Dodoma, lakini hilo hukuja kumwambia bibi, umekuja kuuliza. Ila muulize akiwa pembeni na mama awe pembeni, wakikaa pamoja wakwe wanalindana au wanategana, na wewe utakuwa katikati.

Mama akisema "hajaanza kula", usiandike hapana kwenye orodha nzima. Kwa watu wengi maji na dawa ya mchango sio kula, hajakudanganya. Endelea tu na orodha. Utasikia:

"Maji, hata kijiko?"
"Aah, maji kidogo tu, nikishampa dawa, ya kusuuzia mdomo."

Hiyo ni ndiyo. Kijiko kimoja ni ndiyo. Usikunje sura, usiseme "mmh", usianze somo. Ukianza somo hapo, kuanzia swali linalofuata majibu yote ni hapana. Ushauri mpe mwishoni kabisa fomu ikishafungwa, na kama mtoto anaonekana mgonjwa au amekonda mwelekeze zahanati siku hiyohiyo.

Jambo la dawa liende taratibu. Watoto wa wamama wanaoishi na VVU wanapewa sirapu ya kinga, inaruhusiwa na haimtoi mtoto kwenye kunyonya pekee, kwahiyo huna sababu ya kuuliza ni dawa gani mbele ya watu. "Dawa ya hospitali, ndiyo" inatosha, songa mbele.

HATUA YA 7: Vile vya utata, amua kabla ya kwenda

Dawa za mitishamba zilizochemshwa na vinywaji vya mila vinamtoa mtoto kwenye kundi, ni vimiminika kama vingine. Asali ya kulambishwa, pia inamtoa. Gripe water ndio inaleta ubishi: inauzwa duka la dawa kama dawa, wengine wanaihesabu sirapu, wengine wanasema ni kinywaji. Mimi naiwekea namba yake peke yake, halafu nafanya hesabu mara mbili, ikiwa ndani na ikiwa nje, msomaji anaona tofauti mwenyewe. Ukiificha ndani ya "dawa" hutaweza kuitoa tena. Jibu la "sijui" nalo lisigeuzwe hapana kimyakimya, mtafute aliyekuwa na mtoto, ukikosa andika sijui na useme kwenye ripoti ulilifanyia nini.

HATUA YA 8: Hesabu

Mtoto anapata 1 kama jana alipata maziwa ya mama NA vimiminika vyote (ukiacha ORS, vitamini na dawa ya hospitali) ni hapana NA vyakula vyote ni hapana. Vinginevyo 0. Tuseme umepata watoto 90 na wenye 1 ni 61, hiyo ni asilimia 67.8, na ukweli unaweza kuwa popote kati ya 58 na 77. Ukiwa umechagua vijiji kwanza huo upana unaongezeka, tumia programu inayojua kuhesabu makundi. Upana huo uandike. Afisa akikwambia "toa namba moja tu" mpe moja na upana wake chini yake.

Usiishie hapo. Gawa kwa umri, 0–1, 2–3 na 4–5, maana wastani mmoja unaficha mteremko. Halafu kila mtoto muweke kundi moja kati ya haya sita: maziwa ya mama pekee, maziwa ya mama na maji tu, na vinywaji visivyo maziwa, na maziwa mengine, na vyakula, na asiyenyonya kabisa. Kwa mpangilio huo mtoto aliyepewa maji na uji anakaa kwenye vyakula. Kwangu hili jedwali lina thamani kuliko asilimia kuu, kwa sababu kata ambayo shida yake ni maji na kata ambayo shida yake ni uji wa miezi mitatu zinaweza kuwa na asilimia ileile, na mazungumzo ya kufanya na wamama ni tofauti kabisa.

HATUA YA 9: Kama una maabara na hela

Ipo njia isiyotegemea maneno ya mtu. Mama anakunywa gramu 30 za maji mazito, yenye dyuteriamu, hayana mionzi, halafu mate ya mama na ya mtoto yanachukuliwa kabla na kwa siku kadhaa ndani ya wiki mbili. Dyuteriamu inatoka kwa mama kwenda kwa mtoto kupitia maziwa, na kwa jinsi inavyopanda na kushuka kwenye mate yao unahesabu mtoto kanywa maziwa kiasi gani na kapata maji kiasi gani kutoka kwingine. Tafiti zilizotumia njia hii zimekuta wamama wengi wanaosema "maziwa tu" watoto wao wana maji ya kutoka kwingine. Ni ghali na ni ya watoto wachache, itumie kupima dodoso lako linapotoka kiasi gani. Ile ya kumpima mtoto uzito kabla na baada ya kunyonya inakwambia kanywa kiasi gani tu, haikwambii kama bibi alipita na kijiko.

Kuandika matokeo

Andika hivi: "Kati ya watoto 90 wa miezi 0–5 waliohojiwa Juni, asilimia 67.8 walipata maziwa ya mama pekee katika siku iliyotangulia mahojiano." Weka msimu, weka nani alijibu, mama au mlezi, weka gripe water umeifanyaje, weka jibu la tangu azaliwe kwenye mstari wake. Ukijilinganisha na ile 64 ya taifa hakikisha umeuliza jana kama wao walivyouliza, la sivyo usijilinganishe. Na nakala moja irudi kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa Kiswahili, kurasa mbili zinatosha, bila jina la mama yeyote.